Darasa la Mtu Mmoja

Mwaka jana, katika matanga ya Assistant Amisi huko Uvira, binti yake mkubwa alisimama mbele ya watu na kipaza sauti kilichokuwa kikikwaruza, akaomba makundi yasimame moja baada ya jingine kumuaga baba yake. Walisimama watu wa ukoo, karibu nusu ya uwanja. Wakasimama waliofanya naye kazi katika bandari ya Kalundu kabla hajawa mwalimu, wazee wa mikongojo, mmoja akiwa ameshikwa kwapa na mjukuu wake. Wakasimama majirani. Kisha akasema, "Sasa wanafunzi wake wa ule mwaka wa vita." Nikasimama. Nilisikia viti vya plastiki vikilia nyuma yangu, watu wakigeuka kuwatafuta wengine, na wengine hawakuwepo. Yule binti, ambaye mwaka ule alikuwa bado anabebwa mgongoni, alingoja kwa adabu, mpaka shangazi yake akamnong'oneza kitu. Baadaye, tukiwa tunakula wali na maharagwe kwenye sahani za kuazima, alinijia. "Kumbe ni weye peke yako, mama? Papa alikuwa anasema kila siku, wanafunzi wangu, wanafunzi wangu." Nikamwambia ndiyo, ni mimi peke yangu. Nilimsimulia kidogo, kwa kuwa matanga yana kelele. Haya mengine yalinifuata njiani nikivuka mpaka kurudi Bujumbura ninakoishi siku hizi, na hayajaniacha tangu siku ile.

Kwetu ni katika bonde la Ruzizi, kijiji cha wakulima wa mpunga na muhogo kando ya barabara ya Bukavu. Mama alikuwa huko. Zaidi ya hilo sitaeleza, maana habari za ukoo zina mahali pake. Nilikuwa naingia mwaka wa mwisho wa masomo Uvira, katika chuo kidogo kilichojengwa pale mlima unapoanza kupanda, kiasi kwamba ukikaa darasani unaona mabati ya mji wote, kisha ziwa, kisha milima ya Burundi ng'ambo. Nilisomea ugavi na safari za bidhaa: kitu kinatoka wapi, kinapita wapi, kinalala wapi, kinamfikia nani, na itakuwaje kisipofika. Kwa Kifaransa idara yetu ilikuwa na jina refu la kutisha. Wanafunzi wa sheria walituita wabeba mizigo wenye diploma, nasi tulicheka, kwa kuwa tulikuwa wengi wa kutosha kucheka.

Vita vya pili vya Kongo vilianza wakati wa likizo. Barabara ya Bukavu ikafungwa nyuma yangu, na ya kusini, ile ya Makobola na Fizi, ikawa ya watu wenye sababu kubwa kuliko hofu. Meli hazikuja tena Kalundu. Chuo kilipofunguliwa, kila wiki tulihesabiana kwa macho na kukuta kuna benchi lililopata nafasi zaidi. Mmoja alipanda mtumbwi wa injini kwenda Kigoma. Mwingine alifuata wenye bunduki mlimani, au walimfuata wao, hatukujua. Wa mwisho kuondoka alikuwa Espérance, aliyeketi karibu nami tangu mwaka wa kwanza. Alinikuta nikifua nguo, akasimama pale na begi lake, hataki kuketi. "Bahati, twende Bujumbura. Minye sielewi. Mutu anasomea kusafirisha bitu mahali kwenye hakuna kitu kinasafiri?" Nilicheka, naye hakucheka. Sikwenda. Nilijiambia kwamba Uvira ndiko barabara ya kwetu inakoanzia, na itakapofunguka lazima inikute. Alipofika kwenye kona alipunga mkono bila kugeuka, kama mtu aliyejua kwamba akigeuka atarudi.

Basi asubuhi iliyofuata nilipanda mlima nikaketi katika oditwari, ndivyo tulivyokiita chumba cha masomo, na hakuna mwingine aliyekuja. Alikuja Assistant Amisi. Assistant kilikuwa cheo chake chuoni, lakini kwetu lilikuwa kama jina la ubatizo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola ikachakaa, na sauti ya mtu aliyezoea kuita upande wa pili wa gati. Alinitazama, akatazama mabenchi, akafungua mlango tena kuangalia nje. Nyuma yake akaja katibu wa chuo, akifunga vyumba ambavyo havikuwa na watu.

"Assistant, hii idara nafunga," katibu akasema. "Mwanafunzi iko moja."

"Moja ni mwanafunzi," Assistant akajibu.

"Nitakulipa namna gani juu ya mutu moja?"

"Kwani ulikuwa unanilipa juu ya wale wengine?"

Katibu alicheka bila kutaka. Ilikuwa kweli, mishahara ilikuwa imesahaulika siku nyingi. Akaniuliza kama nimeelewa kwamba diploma yenyewe huenda isitambuliwe, kwamba hakuna profesa atakayeweza kutoka Bukavu kuja kunisikiliza mwisho wa mwaka. Nikasema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Niliogopa tu kwamba chumba kile kikifungwa, sitakuwa na mahali pa kwenda mtu akiniuliza ninakwenda wapi.

Assistant hakubadilisha chochote. Hilo ndilo lililonishangaza mwanzoni, na kwa muda liliniudhi. Alifundisha akiwa amesimama, akitembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, akitupa macho kwenye mabenchi ya nyuma kama anayeona watu wanaopiga soga. Alisema ninyi. "Mmeelewa tofauti ya mzigo unaongoja na mzigo uliopotea?" Nami nikajibu, "Tumeelewa, Assistant," na sauti yangu ikagonga ukuta wa nyuma ikanirudia. Alinifundisha akiba ya usalama, yaani kile unachokiweka pembeni kwa sababu hujui kesho ina nini. Alinifundisha kwamba muda wa kungoja mzigo ni gharama hata kama hakuna anayeudai. Aliandika ubaoni, akafuta, akaandika tena, huku dirishani Kalundu ikionekana, winchi za bandari zimeinama juu ya maji bila kitu mdomoni. Siku nyingine milio ya bunduki ilitoka milimani. Alinyamaza, akasikiliza ni mbali kiasi gani, akaendelea na sentensi aliyoiacha. Leo nasimamia maghala ya dawa, nina vijana chini yangu wanaofuata malori kwenye kompyuta kama wanaoangalia mpira. Wakilalamika kwamba mafunzo yana watu wengi na hawasikii vizuri, hujikuta nimekaa kimya kupita kiasi. Nimewahi kupata kila neno la mwalimu. Ni zito kuliko wanavyofikiri.

Nilipanga chumba mtaa wa Rugenge, kwa Mama Estella, mjane aliyeimba katika kwaya ya Waprotestanti na kusema maneno machache sana nje ya nyimbo. Chumba changu kilitenganishwa na sebule yake kwa mbao, na mbao zilikuwa zimekauka zikaacha mianya, hata taa yake ikiwaka ilichora mistari kwenye blanketi langu. Mwanzoni nilikula mezani kwake. Tulikula ugali wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwa, waliokaangwa kwa mawese, au sombe ya majani ya muhogo, au mchicha wa lenga-lenga akiba ikipungua, naye alinipa kiti cha karibu na dirisha. Kisha, mvua zilipoanza, kitu kilibadilika. Alianza kuniletea chakula chumbani. Aligonga, akaweka sahani juu ya meza, akasema, "Kula, mutoto wangu," akaondoka kabla sijamshukuru. Kwenye sahani mara nyingi palikuwa na samaki mkubwa kuliko ninayestahili. Nilifikiri nimemkosea. Nilifikiri labda anataka niondoke na anashindwa kusema. Nilikula nikitazama ukuta, nikisikia kijiko chake upande wa pili, watu wawili wakila chakula kimoja na ubao mmoja katikati.

Jioni moja alikuja jirani yake, Mama Jolie. Nilikuwa nimelala na homa, taa yangu imezimwa, nao walidhani sijarudi kutoka chuoni. Waliongea habari za bei ya chumvi, wakaongea habari za mchungaji, kisha Mama Jolie akashusha sauti.

"Na ule mutoto, bado haujamwambia?"

"Bado."

"Estella! Mpaka wakati gani? Kijiji kimeungua kyote, wantu wameshasema. Mama yake..."

"Nyamaza. Mbao iko na masikio."

"Basi weye mwambie."

"Atamaliza masomo kwanza. Nikimwambia sasa, atachukua barabara, na barabara itamukula naye."

Sikusogea. Nakumbuka niliangalia mistari ya taa kwenye blanketi na kufikiri jambo la ajabu, kwamba sentensi ya Mama Jolie haikuisha, na kwamba sentensi ambayo haijaisha inaweza bado kwenda popote. Mama yake amehama. Mama yake ameumia. Mama yake ameonekana kambini ng'ambo. Asubuhi Mama Estella aliponiuliza nimelalaje, nilisema vizuri. Akanitazama usoni muda mrefu. Kama angeniuliza neno moja zaidi, ningemwambia kwamba nilisikia. Hakuuliza, nami sikuuliza, na hivyo tuliishi, kila mmoja akimlinda mwenzake na kitu ambacho wote wawili tulikuwa nacho. Watu huniambia upweke ni kukosa watu. Ule wa mwaka ule ulikuwa na mtu, alipika, alikohoa, aliimba sauti ya pili ya zaburi akiosha vyombo.

Kisha ikaja kolera. Uvira inaijua kolera kama inavyojua mvua, lakini mwaka ule bomba la maji lilikuwa limekatika na watu wote walishuka ziwani na ndoo. Kituo cha afya cha mtaa kilijaa wagonjwa mpaka wakalazwa kwenye veranda, juu ya mikeka, wakitundikiwa serumu, yale maji ya chumvi ya kuingizwa mshipani. Msimamizi wake alikuwa nesi tuliyemwita Titulaire, mtu mfupi mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alipanda mpaka chuoni akatukuta darasani. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akatazama mabenchi matupu, akajizuia kuuliza.

"Assistant, weye ulikuwa mutu wa bandari. Serumu imefika ng'ambo. Makarto mengi. Iko kwenye depo ya paroko upande wa Burundi. Lori ya kwanza ilikamatwa kwenye kizuizi, wakachukua yote na godoro za dereva. Ya pili dereva amekataa. Na kwangu nabaki na serumu ya siku chache tu."

Kizuizi chenyewe hakikuwa cha duane, yaani forodha, wala cha polisi. Kilikuwa kamba iliyohamahama kati ya mpaka na mtaa wa Kavimvira, na wenye kamba hakuna aliyejua ni wa nani.

Assistant alimsikiliza mpaka mwisho, akanigeukia. "Mademoiselle Bahati, hii ndiyo kazi yako ya mwisho wa mwaka. Ile nyingine uliyoanza, acha."

Siku ile sikula. Nilishuka mpaka Kavimvira nikakaa karibu na wabadilisha fedha, nikatazama. Lori lilipokaribia, wanaume watatu au wanne walitoka kivulini kabla hata halijasimama. Wanawake wa biashara walipita kwa mstari, beseni za nyanya na vitunguu vichwani, watoto migongoni, wakitukanana na kucheka, na wale wanaume wakachukua nyanya mbili hapa, kitunguu pale, wakarudi kivulini. Lori lilikuwa habari, beseni halikuwa habari. Kesho yake nilimwambia Assistant kwamba serumu isije kwa lori. Ije kwa beseni, mifuko michache chini ya nyanya, kila siku, kwa wanawake wengi. Na isiwekwe kwenye ghala moja kituoni, ilale katika nyumba mbalimbali za mtaa, kila nyumba kidogo, Titulaire achukue anachohitaji kwa siku.

Assistant alikataa. Alikataa kwa hasira hata akavunja chaki. "Nimekufundisha nini? Mzigo unagawanywa hivi, unapotea hivi! Nyumba kumi na mbili, milango kumi na miwili, macho kumi na mawili. Nani atajua kilichoingia na kilichotoka? Ghala ni moja, mwenye ufunguo ni mmoja."

"Assistant, ghala moja wataliiba siku moja," nikasema. "Nyumba nyingi itawachukua mwaka."

"Kitabu kinasema—"

"Kitabu kiliandikwa na mutu ambaye barabara yake inalala palepale kila siku."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda ni kwa kuwa nilikuwa nimechoka kujibu tumeelewa. Akaenda dirishani. Alikaa huko muda akitazama winchi za Kalundu. Aliporudi alichukua kipande cha chaki kilichobaki, akachora mpaka, akachora kizuizi, akanipa chaki. "Onyesha," akasema. Nikaonyesha. Aliniuliza maswali mpaka jua likashuka: mfuko ukipasuka, nyanya zikioza, mwanamke akiugua, mwenye nyumba akitaka kuuza. Kwa kila swali nililoshindwa alisema tu, "Fikiri," na akangoja.

Aliyetuongozea wanawake alikuwa Mama Feza, mfanyabiashara wa nyanya kutoka bonde la Ruzizi, mwenye kuongea Kirundi na wenzake na Kiswahili na wateja. "Amahoro, mutoto wangu," alinisalimia, nami nikamweleza kila kitu bila kupunguza hatari. Alisikiliza akipanga nyanya, zilizoiva mbele. "Dada yangu alikufa na kolera mwaka ule mwingine," akasema. "Serumu iliishia kwa mutu aliyekuwa mbele yake. Tutabeba. Lakini usituambie tuende haraka. Tukienda haraka watajua." Kesho kutwa walianza. Niliketi upande wa Kavimvira chini ya bati la mbadilisha fedha mmoja, nikawatazama wakija na miguu yao ya kila siku, wakisimama kwenye kamba, wakitaniwa, wakinyang'anywa nyanya za juu. Walipopita niliwafuata mbali, tukaingia Rugenge kwa vichochoro tofauti, na katika chumba changu mwenyewe, chini ya kitanda, nikaweka mifuko ya kwanza, baridi na laini kama samaki.

Haikuwa kazi safi. Wiki ya pili Mama Feza alikuja mikono mitupu, mdomo umevimba. Mtu mmoja kwenye kamba alitumbukiza mkono mpaka chini ya beseni. Alimpiga, akachukua mifuko, wala hakujua ni nini. Aliitoboa kwa kisu akitafuta pombe. Nilimwambia tuache. Mama Feza akaketi juu ya ndoo, akajigusa mdomo. "Na ile ya wenzangu ilipita?" Nikasema ilipita. "Basi kwa nini unaongea kuacha?" Alipumzika siku mbili akarudi. Tulipoteza mingine kwa kupasuka, na nyumba moja ilikana kabisa kwamba iliwahi kupokea kitu. Lakini kituoni serumu haikuisha. Titulaire aliacha kupanda mlima kutuuliza, na kwa mtu wa kazi yetu hakuna sifa kubwa kuliko kutoulizwa.

Katikati ya yote hayo, asubuhi moja Mama Estella hakuimba. Nilimkuta sakafuni jikoni, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiibana inabaki imesimama. Nilimwita Mama Jolie, tukambeba kwenye kiti mpaka kituoni, tukipokezana. Titulaire alimtundikia serumu kwenye msumari wa veranda. Niliitambua, mifuko ya siku ile ilikuwa imetoka chini ya kitanda changu. Nilikaa naye usiku na mchana, nikimnywesha kwa kijiko maji ya chumvi na sukari, nikimfuta, nikimgeuza. Siku ya pili mchana alifumbua macho akanitazama kama siku ile ya homa yangu.

"Bahati. Nikifa na hii maneno tumboni, Mungu ataniuliza."

"Haufi, mama."

"Mama yako..."

"Najua," nikasema. "Nilisikia. Ule usiku na Mama Jolie."

Alifumba macho. Machozi yalitoka kidogo, mwili ulikuwa hauna maji ya kutosha. "Yote hii miezi, ulijua?"

"Nusu. Mama Jolie hakumaliza."

Basi akamaliza yeye. Mama alikuwa amekimbia na wengine usiku kijiji kilipochomwa, wakielekea mtoni wavuke. Aliugua njiani. Walimzika kando ya njia watu wa kwetu ambao sasa wako kambini ng'ambo. Mmoja wao ndiye aliyeleta habari, akimtafuta binti wa marehemu, akamkuta Mama Estella mlangoni. Aliniambia yote polepole, akishika kidole changu kimoja tu, kwa kuwa mkono wake mwingine ulikuwa na sindano. Nilingoja machozi yangu, hayakuja. Niliinuka nikaangalia kama tone la serumu linashuka sawasawa. Lilikuwa linashuka sawasawa.

Alipona. Tulirudi kula meza moja, na hatukuhitaji kusema mengi. Kolera ilipungua mvua zilipokatika. Assistant akanipangia siku ya kutetea kazi yangu. Profesa wa Bukavu hakuweza kuja, kama katibu alivyotabiri, kwa hiyo walioketi mbele yangu walikuwa watatu: Assistant, katibu, na Titulaire, aliyevaa koti la kuazima. Mabenchi mengine yote yalikuwa matupu. Mama Estella alikuwa bado hawezi kupanda ule mlima, na Mama Feza alikuwa sokoni, siku ya soko haiachwi. Nilisimama nikaeleza mpaka, kizuizi, beseni, nyumba. Nilieleza mifuko iliyopotea na kwa nini. Assistant aliniuliza maswali magumu kuliko wote, tena kwa Kifaransa cha rasmi, kana kwamba hatujawahi kuonana. Wakatoka nje kushauriana, na kwa kuwa dirisha halikuwa na kioo niliwasikia, Titulaire akisema, "Minye sijui mambo ya chuo. Najua tu nani aliishi." Wakarudi, wakatamka kwamba nimefaulu kwa sifa. Tukapeana mikono. Katibu akaenda kufunga ofisi, Titulaire akarudi kwa wagonjwa wake.

Kwetu mtu akimaliza masomo, jamaa humngoja nje ya mlango na poda. Mama, shangazi, dada, hummwagia poda nyeupe kichwani na usoni mpaka atoke kama mzimu, wakipiga vigelegele, na hutembea hivyo mtaa mzima ili watu wajue. Nilikuwa nimeyaona hayo kwa wengine mwaka baada ya mwaka. Nilikusanya vitu vyangu taratibu, nikichelewesha kutoka, kwa sababu nilijua uwanja ulivyo: nyasi, na mbuzi wa mlinzi. Assistant alikuwa bado amesimama ubaoni. Nilidhani anafuta. Kumbe alikuwa anapitisha kiganja kwenye ule ubao mwembamba wa chini, panapoangukia vumbi la chaki, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, polepole, akikusanya. Alikuja mpaka mbele yangu na mikono miwili iliyojaa.

"Inama kidogo," akasema.

Nikainama. Alinimwagia lile vumbi kichwani, akalisambaza mashavuni kwa vidole gumba, kwa uangalifu na bila uzoefu, kama mwanaume anayemwosha mtoto mchanga. Kisha akashusha mikono.

"Mama yako angefanya hii kazi vizuri kuliko minye," akasema.

Hapo ndipo nilipolia. Nililia nikiwa nimesimama, sauti kubwa, machozi yakichimba mifereji kwenye ule weupe, na Assistant Amisi hakuniambia ninyamaze. Alisimama karibu mpaka nikamaliza. Kisha alichukua begi langu, tukashuka mlima pamoja. Kwenye njia ya Rugenge wanawake waliokuwa wakianika ndagala walimwona mwanamke mwenye kichwa cheupe akipita na mzee wa shati jeupe, na wa kwanza wao, nisiyemjua mpaka leo, akaweka chini ungo wake akapiga kigelegele.